Mkeka gani wa Pilates ya moto usioteleza? Mwenzenu nimeangukia kidevu

JashoLaTudor · Jumapili, saa 3 usiku

Assalam aleikum, na habari zenu nyote. Naja hapa na kidevu kilichovimba kidogo, kwa hivyo msinicheke sana.

Mimi ni mama wa miaka 43. Kazi yangu ni ya kukaa kitini kutwa, nakagua makaratasi ya mizigo ya bandarini, na kiuno kimekuwa kikinidai tangu nimzae kitinda mimba wangu. Mwezi wa Januari shoga yangu wa kazini akanivuta hadi darasa la Pilates ya moto huko Nyali. Kwa asiyeijua, ni Pilates ile ile, mazoezi ya sakafuni ya kukaza tumbo na mgongo, ila chumba kimepashwa moto hadi nyuzi 38 hivi, madirisha yamefungwa, na nyinyi watu kumi na wawili mmelala chali mnahesabu pumzi. Mume wangu aliposikia kwamba nalipa pesa nitiwe joto, na niko Mombasa, alinyamaza kitambo, kisha akauliza kama kuna na darasa la kulipia mbu.

Lakini kiuno kimepoa, wallahi. Kwa hivyo habari ya kuacha haipo. Kinachonisumbua ni mkeka.

Wa kwanza niliununua karibu na Makupa, ule mnene wa sponji, milimita 15, rangi ya zambarau, una na kamba yake ya kubebea. Shilingi 1,500. Dukani niliubonyeza kwa mguu nikaona raha, kama godoro la mtoto. Nikasema kifandugu changu hiki kilichochomoza leo kimepata mwenyewe. Na kweli, dakika kumi za mwanzo ni starehe tupu. Tunafanya lile zoezi linaloitwa Mia: umelala chali, miguu juu, mikono inapigapiga hewa, pumzi ndani kwa hesabu ya tano, nje kwa hesabu ya tano, mara kumi. Hapo najiona malkia.

Kisha jasho linaingia kazini. Wenzangu wanang'aa, mimi nadondoka. Linaanzia begani, linateremka kiwikoni, linakusanyika chini ya kiganja. Na mkeka ule haunywi hata tone, jasho linakaa juu yake kama maji kwenye jani la mgomba. Alhamisi iliyopita tuko kwenye planki, ile ya kujishikilia kwa viganja na vidole vya miguu, mwalimu anasema shikilieni, shikilieni, mkono wangu wa kulia ukaenda zake bila kuaga. Kidevu pu! Na wala si juu ya mkeka, ni ukingoni, penye sakafu.

Nimejaribu kutandika leso juu yake. Leso nzuri ya pamba, ya harusi ya binti wa jirani. Jasho ilikunywa, siwezi kuisingizia, lakini kila nikigeuka ilijikusanya chini ya tumbo, na tulipofika nusu ya darasa yale maneno yake yalikuwa chini ya pua yangu nayasoma herufi moja moja.

Sasa nisaidieni. Nikichukua mwembamba, uti wa mgongo utapona wakati wa yale mazoezi ya kujiviringisha kama mpira? Hizi TPE, PVC, NBR zinazoandikwa kwenye makaratasi ni kitu gani kwa mtu wa kawaida? Nina shilingi 6,000, na hazitazidi. Naenda kwa matatu, kwa hivyo mkeka mzito kama gunia sitauweza. Na jambo la mwisho ni kwamba naishi ghorofa ya tatu, roshani yangu inaangalia magharibi, jua la alasiri linapiga chuma za roshani mpaka hazishikiki. Ndipo pekee ninapoweza kuanika.

---

Tuktuk_Bandia · Jumapili, saa 4 usiku

Pole ya kidevu dada. Lakini Mombasa hii kweli mtu anunue joto? Njoo kwangu Mikindani siku stima imepotea saa nane mchana, lala kwenye tailsi, hiyo ndiyo Pilates ya moto. Mkeka huhitaji, utagandia mwenyewe.

---

MwalimuWaMkekani · Jumatatu, saa 12 asubuhi

Mcheke, lakini yaliyompata huyu dada nayaona kila wiki. Mimi nafundisha Pilates, moto na baridi, mwaka wa saba sasa, na nusu ya wanafunzi wapya huja na mkeka huo huo wa sponji nene. Hawana kosa. Wameambiwa Pilates inataka mkeka mnene, na ni kweli inataka, lakini ni Pilates ya chumba kikavu.

Ngoja nikupe asili yake uelewe. Joseph Pilates, Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1883, alikuwa akiwafanyisha wenzake mazoezi ya sakafuni walipokuwa wamezuiliwa Uingereza wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Baadaye akafungua chumba chake New York. Katika mazoezi yake unajiviringisha juu ya uti wa mgongo, pingili moja moja, mara nyingi, kwa hivyo lazima pawe na kitu chini cha kuukinga mfupa. Lakini yeye hakupasha chumba moto. Habari ya kupasha tumeiazima kwa watu wa yoga, wale wa nyuzi 40. Na mkeka wa yoga ni mwembamba, kwa sababu wao husimama sana na wanataka mguu uijue sakafu. Pilates ya moto imekaa katikati ya hao wawili: mgongo unataka unene, kiganja kilicholowa kinataka kushika. Mkeka wako umemsikiliza mgongo peke yake.

Haya, majina. NBR ndio huo wako, sponji iliyojaa hewa. Laini, rahisi, mwepesi, na ukilowa ni sabuni. Tena kwa vile unazama, kiganja kinainamia upande na kifundo cha mkono kinaumia. TPE, plastiki yenye tabia ya mpira, ni mwepesi pia, hauna harufu, lakini vijitundu vyake vimeziba, jasho linakaa juu, na jua kali linauharibu. PVC ni plastiki ile nzito ya zamani. Nayo hainywi jasho, ila imeshindiliwa, haizami, haichaniki ovyo, unaweza kukaa nayo miaka mingi. Mpira wa asili, ule wa utomvu wa mti, unashika vizuri sana, lakini una uzito wa kilo mbili na nusu, tatu na zaidi, unanuka wiki za mwanzo, na jua ni adui yake. Kisha kuna ule wa bei, mpira chini na ngozi ya poliyurethani juu, si ya mnyama, ni plastiki laini. Ngozi hiyo inanyonya jasho, na ukilowa ndio kwanza unakushika. Kwa darasa letu huo ndio mkeka wenyewe, lakini kwa shilingi 6,000 sijui kama utaupata mzima.

Mimi ningekuambia hivi. Achana na hesabu ya unene, uliza umeshindiliwa vipi. Milimita 5 au 6 za kitu kizito zinaukinga mgongo kuliko 15 za povu, kwa sababu povu likilaliwa linakuwa karatasi, na mfupa unafika sakafuni vile vile. Ukiwa dukani bonyeza kwa kidole gumba kwa nguvu zako zote. Ukiigusa sakafu, rudisha. Kisha dondoshea matone ya maji, usubiri dakika moja. Yakisimama kama shanga, mkeka huo utahitaji taulo juu. Yakinywewa, utakushika, lakini ujue kila kinachonywewa lazima kitoke, na usafi wake ni kazi.

Taulo ya kuogea usijaribu, itajikusanya kama leso yako. Zipo taulo za maikrofaiba zenye urefu wa mkeka mzima, chini zina nukta nukta za silikoni za kuzishikisha. Na hii wengi hawaambiwi: ikiwa kavu inateleza. Ilowanishe kidogo pale unapoweka viganja na nyayo kabla ya kuanza.

Kifandugu kikunjie leso hiyo mara nne uiweke chini yake kwenye mazoezi ya kuviringika, kisha uitoe. Usitandike mikeka miwili kwa pamoja. Nimeona mtu akisafiri na wa juu.

Halafu, dada, mafuta ya nazi. Unajipaka kabla ya darasa?

---

FundiBaridi · Jumatatu, saa 7 mchana

Mimi natengeneza majokofu na mashine za kupoza hewa, mazoezi siyajui, nimeingia hapa kwa sababu ya hilo neno nyuzi 38. Mke wangu pia anaenda darasa la aina hiyo, na alisoma sifa za mkeka mmoja zilizoandikwa na mtu wa Kanada, kwamba jasho linakauka lenyewe kabla darasa halijaisha. Akaagiza. Haukukauka hata kesho yake. Akadhani kauziwa bandia.

Si bandia, ni hewa. Kule wakati wa baridi, nje nyuzi 5, kila mita ya ujazo ya hewa ina gramu tano au sita za mvuke basi. Wakiipasha hewa hiyo hadi 38 inakauka kama bisi, mpaka inabidi waiongeze mvuke kwa mashine. Chumba cha nyuzi 38 chenye unyevu wa asilimia 40, wanavyopenda wao, kina gramu kama 18 na nusu. Sasa njoo kwetu. Mombasa mchana huu wa Machi, kaskazi imekufa na kusi haijaingia, nyuzi 31 na unyevu wa asilimia 75, hewa ya barabarani tu, bila kupashwa, ina gramu kama 24. Yaani chumba chao cha moto ni kikavu kuliko kituo cha matatu cha Mwembe Tayari.

Ukiifungia hewa yetu chumbani na kuipasha hadi 38, unyevu wake unasimama kwenye asilimia 50 na kitu, bado hujahesabu pumzi na jasho la watu kumi na wawili. Jasho linakupoza pale linapogeuka mvuke. Hapo halina pa kwenda, litadondoka. Na likidondoka ni juu ya mkeka.

Kwa hivyo ukisoma sifa za mkeka kwenye mtandao, angalia kwanza anayesifu anaishi wapi. Na mwulizeni mwenye chumba afungue madirisha dakika tano baina ya darasa na darasa, si hasara.

---

JashoLaTudor · Jumatano, saa 2 usiku

Mwalimu, naam, najipaka. Kila siku nikitoka kuoga, tangu nikiwa mtoto, mikono mpaka miguu. Hakuna aliyewahi kuniambia ni kosa! Leo nimeenda mkavu kama samaki wa kukaushwa na nimeteleza nusu ya kawaida, kwa mkeka ule ule. Nusu nzima nilikuwa nikiilaumu zambarau ya watu.

FundiBaridi, nimemsomea mume wangu hesabu yako yote. Sasa anasema nikafanyie mazoezi Mwembe Tayari.

Jana baada ya kazi nilizunguka mjini, Barabara ya Digo mpaka Moi Avenue, na chupa yangu ya kupulizia maji ya pasi ndani ya mkoba. Duka la kwanza nilipotoa chupa muuzaji akadhani nauza dawa ya kombamwiko. Nikamweleza. Akaniruhusu, akaja na yeye kuangalia, akaja na mwenziwe, tukawa watu wanne tumeinamia mkeka tunasubiri tone la maji dakika moja. TPE wa kijani, 2,800: shanga. NBR mwingine, wa waridi: shanga, na kidole gumba kiliiona sakafu. PVC mmoja wa milimita 4: shanga, lakini ulikuwa na mwili. Duka la mwisho walikuwa na ule wa mpira wenye ngozi juu. Maji yalitoweka mbele ya macho yetu. Nikaweka kiganja kilicholowa, nikasukuma, hakikwenda popote. Bei 8,500. Nikauliza kama kuna punguzo, akasema 8,300. Nikaukunja mwenyewe nikaurudisha kwenye rafu kwa adabu.

Unanuka lakini! Karakana ya matairi. Na jambo lingine, nilipofika nyumbani viganja viliniwasha mpaka nikala chakula. Labda ni vumbi la dukani. Nikiwa nashika glavu zile za hospitali pia huwa vinaniwasha, kwa hivyo ngozi yangu yenyewe ni ya malalamiko.

Nina hamu nao hata hivyo. Nikope nikauchukue?

---

Sista_Wodini · Jumatano, saa 3 usiku

Usikope, na usiuchukue. Hiyo habari ya glavu umeipitisha haraka mno. Glavu nyingi za zamani za hospitali ni za lateksi, na lateksi ndio utomvu ule ule wa mti wa mpira. Anayewashwa na glavu au anayevimba midomo akipuliza puto anaweza kukerwa na mkeka wa mpira wa asili vile vile, na wewe utakuwa umeulalia saa nzima, umelowa. Kwa wengine ni muwasho tu, kwa wachache ni pumzi inayobana. Mwambie daktari akupime kabla hujaugusa tena. PVC na TPE hazina lateksi.

Na kwa kuwa niko hapa: wenye dawa za presha, hasa zile za kukojoza, na wajawazito, waongee na daktari wao kabla ya kuingia chumba cha nyuzi 38. Ukiona kizunguzungu, kichefuchefu, au jasho limekatika ghafla na joto bado lipo, toka nje. Usimsubiri mwalimu amalize hesabu. Kunywa maji kabla hujaingia. Ukitoka, dafu na kitu chenye chumvi kidogo.

---

Tuktuk_Bandia · Jumatano, saa 3 na nusu usiku

Dafu pale Mama Ngina, na muhogo wenye pilipili na chumvi. Hiyo ni tiba kamili sista, hata mimi nitajiunga na Pilates kwa ajili ya sehemu hiyo.

---

BiMiyaa · Alhamisi, saa 4 asubuhi

Mwanangu Jasho, mie ni mtu mzima, mjukuu wangu ndiye anayenisomea na kuniandikia haya. Nimeshona mikeka ya miyaa tangu sijavaa buibui, kwa hivyo nilipoona watu wanajadili mkeka nikasema hapa napo pana yangu.

Kwanza nikutoe wasiwasi kabla hajatokea mtu wa kukuambia utumie mkeka wetu. Usitumie. Mkeka wa miyaa ni wa kukalia, wa kulalia, wa kuanikia mpunga. Ukili ukilowa jasho unakuwa utelezi, kisha ukikauka unakatika, na ukikunjwa mbichi unafanya kuvu ndani usiyoiona. Mrembo, lakini kazi hiyo siyo yake.

Lakini tabia ya mkeka ni moja, uwe wa miyaa uwe wa plastiki. Hakuna mkeka unaokunjwa na maji yake. Wewe ukitoka huko Nyali unaukunja umelowa, unautia kwenye mfuko, unapanda matatu, unafika Tudor, unapika, unalisha watoto, unaukumbuka kesho. Ushaharibika hapo. Upanguse pale pale kwa kitambaa kikavu, ukifika nyumbani mtu asikuombe maji kabla hujautundika. Maji na tone la sabuni ya vyombo, kitambaa laini, suuza, basi. Ikiwa ni wa plastiki na umeanza kunuka, siki kidogo kwenye maji mengi.

Roshani yako nimeielewa. Jua la magharibi ni baya, na zile chuma za moto ni baya zaidi, zitauchapa mistari. Funga kamba ndani, karibu na mlango wa roshani, upepo upite na jua lisifike. Au utandaze juu ya viti viwili vilivyogeuziana migongo. Ukiukunja, upande wa juu uwe nje, ili ncha zisikuinukie ukiutandika.

Na usiufukize udi. Najua wanawake wa hapa. Mjukuu wangu huyu anayeandika alitaka kuondoa harufu, akauinamisha mkeka wake juu ya chetezo kama dera ya Ijumaa. Sasa una tundu la ukubwa wa kisahani. Ananuna kwa kuwa nimemwambia aliandike na hilo.

---

MwalimuWaMkekani · Alhamisi, saa 6 mchana

Bi, shikamoo. Darasani kwangu nitalisimulia hilo la chetezo.

Jasho, Sista amekata shauri, ule mkeka wa ngozi na mpira wa asili tumeuweka kando. Basi kwako ni PVC iliyoshindiliwa ya milimita 6, na taulo juu. Sehemu kubwa ya pesa yako iende kwenye taulo. Mkeka utakuwa chini hauonekani, hata ukiwa na rangi mbaya. Na mafuta ya nazi yahamishie usiku.

Umesema unaenda kwa matatu. Pita soko la Kongowea asubuhi, siku ya kufungua mitumba. Mikeka hutokea ndani ya marobota pamoja na viatu vya michezo, na wauzaji hawaijui bei. Ukiona wa PVC ukunje kwa nguvu uangalie penye kunjo: kama hakuna nyufa, na ukisugua kwa kidole haitoki unga, uchukue.

---

JashoLaTudor · Jumamosi, wiki tatu baadaye, saa 10 jioni

Nimerudi na ripoti, na kidevu kimepona.

Kongowea nilienda mara mbili. Ya kwanza nilipata viatu na sufuria. Ya pili, Jumamosi saa moja na nusu asubuhi, nikaona kitu cheusi kimekunjwa chini ya rundo la mikoba ya watoto. Nikauvuta. Mzito, nahisi kama kilo tatu. Nikaukunja, hakuna ufa. Nikasugua, hakuna unga. Nikabonyeza kwa gumba mpaka kucha ikawa nyeupe, sakafu sikuiona. Nikatoa chupa yangu ya maji ya pasi na muuzaji akaniuliza, mama, unaupiga pasi? Matone yakasimama kama shanga, kama nilivyotarajia. Ulikuwa na alama za nyayo za mtu mwingine, mguu mdogo, zimekolea mahali pale pale, nikamwombea heri popote alipo. Aliniambia 1,500, nikasema 600, tukakutana kwenye 900.

Taulo niliinunua mpya, 2,200, ya nukta za silikoni. Kwa jumla 3,100. Nyumbani niliuosha mara tatu, maji ya kwanza yalitoka rangi ya chai ya rangi.

Darasa la kwanza nilisahau kulilowanisha taulo na nikaanza tena kuteleza, nikamtazama mwalimu wangu kwa hasira kama yeye ndiye aliyeandika hapa. Darasa la pili nikalipuliza maji penye viganja na nyayo. Planki tumekaa, ameniacha mpaka mikono inatetemeka, na mikono imetetemeka pale pale ilipowekwa. Jasho lilidondoka kutoka puani nikaliona likizama. Niliangalia tone moja baada ya jingine, badala ya kuhesabu pumzi.

Kifandugu ndio bado. Kwenye Mia hakuna neno. Kwenye kujiviringisha kama mpira, leso iliyokunjwa mara nne inasaidia, lakini ikihama kidogo mfupa unanikumbusha umri wangu. Shoga yangu amekata kipande cha ule mkeka wa zambarau, kama ukubwa wa sahani ya pilau, akaniambia nikiweke chini ya taulo. Nimejaribu leo. Hakihami, kwa sababu taulo linakikandamiza. Naona huko ndiko tunakoelekea. Sehemu iliyobaki ya zambarau ameichukua mume wangu, analala juu yake sebuleni akitazama mpira, na amekuwa wa kwanza kuulalamikia ule upande uliokatwa.

Zahanati nimeenda, Sista. Wamenipa barua ya kwenda kupimwa ngozi mwezi ujao. Mpaka hapo sigusi mpira.

Ila kuna jipya. Kamba nimeifunga karibu na mlango kama Bi alivyosema, mkeka unakauka kwa saa mbili tatu, sina malalamiko. Taulo ndilo lililonishinda. Masika yameingia, mvua tangu Jumatano, nimelitundika Alhamisi usiku na hivi ninavyoandika Jumamosi jioni bado lina ubaridi ukilishika katikati. FundiBaridi, usiniandikie gramu, nimeshaelewa. Jumatatu kuna darasa. Nikilipiga pasi ya moto mdogo, zile nukta za silikoni zitayeyuka?

---

FundiBaridi · Jumamosi, saa 12 jioni

Silikoni yenyewe haiyeyuki kwa pasi ya nguo, maikrofaiba ndiyo itakayojikunja. Weka pasi chini. Litundike nyuma ya jokofu, kiasi cha shibiri moja kutoka zile nyaya za nyuma, usizizibe. Hapo kuna hewa vuguvugu usiku kucha, nawe umeshailipia stima.

---

JashoLaTudor · Jumapili, saa 1 asubuhi

Limekauka. Linanuka kitunguu kidogo, lakini limekauka.